PEMBE YA KUPAZA SAUTI NDANI YA NYUMBA: FAIDA NA HASARA ZAKE



Somo la safari hii limezaliwa na ubishi. Mwenzetu mmoja alipata ile pembe ya chuma ya kupaza sauti, sawa zile tunazoziona juu ya makanisa, akaipeleka kwao hapa Mpala. Akaifunga kwa ampli ndogo na batri ya pano ya jua, akaiweka juu ya meza ndani ya nyumba kusudi asikilize nyimbo. Siku ya kwanza watoto wa majirani walijaa uani, furaha tupu. Siku ya tatu baba yake, ambaye anavua ndagala usiku na kulala mchana, alitoka chumbani na macho mekundu. Hakufoka. Alisema tu: "Mwanangu, hii pembe ni ya kuita watu. Sisi wote tuko hapa ndani. Unaita nani?"

Mwenzetu alituletea maneno hayo akiwa amekasirika. Alikuwa amekwisha kuweka pesa ya kununua pembe ya pili, kusudi ziwe mbili, na pesa yenyewe ilikuwa ya minervale. Hapo sisi tukagawanyika. Wengine walisema: "Ana haki! Pembe inakula umeme kidogo na inalia kwa nguvu. Sisi watu wa pano tutafute nini tena?" Wengine wakajibu: "Inalia kama bati tupu. Muziki uko wapi?" Kwa kuwa kelele haimalizi neno, tulichukua daftari zetu za fizika. Tazameni tulichokipata.

I. PEMBE INAFANYA KAZI NAMNA GANI

Ndani ya karibu kila kipaza sauti kuna sumaku na bobine. Umeme ukipita ndani ya bobine, bobine inakwenda mbele na nyuma na kusukuma kitu chepesi. Katika bafle ya kawaida kitu hicho ni karatasi pana yenye umbo la faneli. Karatasi inasukuma hewa ya chumbani moja kwa moja. Katika pembe, kitu hicho ni utando mdogo uliofichwa nyuma, mahali pembamba tunapopaita koo. Kutoka kooni, njia inapanuka polepole mpaka kwenye kinywa.

Kwa nini kupanuka huku kuwe na nguvu? Mfikiri juu ya mtumbwi. Mtu akipiga maji kwa fimbo nyembamba, mkono unakwenda haraka lakini mtumbwi hauendi, kwa maana maji yanakimbia pembeni. Akitwaa kasia pana, maji hayana pa kukimbilia, na nguvu ya mkono inaingia katika safari. Hewa nayo ni nyepesi, inapenda kukimbia pembeni. Bafle ya kawaida ni sawa na fimbo ile: bafle nyingi za nyumbani hazigeuzi hata sehemu 1 kati ya 100 za umeme kuwa sauti, zilizobaki zinakuwa joto katika bobine. Ndani ya pembe, hewa ya kooni imefungwa na kuta, haiwezi kukimbia. Utando unaisukuma kwa nguvu, na msukumo huo unageuzwa polepole kuwa mwendo wa hewa nyingi kinywani. Pembe iliyotengenezwa vizuri inaweza kugeuza sehemu 10 hata 30 kati ya 100.

Jaribio. Twaeni karatasi ngumu ya kalenda ya zamani, mkaikunje iwe pembe. Mwache tundu dogo nyuma, mkaliweke mbele ya mdomo wa sauti wa telefone, ule mdogo kabisa. Maneno ya mtu yatasikika mbali zaidi, na hamkuongeza hata tone moja la umeme. Sasa mgeuze pembe upande: sauti inapungua. Tena mweke wimbo wenye gita la besi: pembe haikuongeza besi hata kidogo. Jaribio hili dogo lina faida na hasara zote tutakazozisema.

II. ILITOKA WAPI

Msifikiri kwamba pembe ilianzia kanisani au sokoni. Ilianzia nyumbani. Fonografu ya Edison ya mwaka 1877 na gramafoni ya Berliner ya mwaka 1887 hazikuwa na umeme wa kupaza sauti. Sindano ilitetemesha utando, na pembe peke yake ndiyo iliyofanya watu wa chumbani wasikie. Baadaye pembe ilikunjwa ndani ya sanduku, hata watu wakasahau kwamba iko. Zile gramafoni za kukunja, zenye mkono wa kuzungushia, ambazo babu zetu walichezea sahani za muziki, zilikuwa na pembe tumboni.

Mwaka 1925, huko Marekani, Rice na Kellogg walionyesha kipaza sauti cha karatasi kinachosukumwa na bobine, bila pembe. Kilitaka umeme mwingi zaidi, lakini kilikuwa kidogo na kilitoa besi. Kadiri umeme wa ampli ulivyokuwa rahisi, pembe zilitoka katika nyumba za watu zikahamia penye umati: katika majumba ya sinema, ambayo yalianza kusema kwa sauti miaka ile ile, na katika viwanja na mikutano.

Lakini haikuisha kabisa nyumbani. Katika miaka ya 1930, Paul Voigt wa Uingereza alitengeneza pembe ya kusimama katika kona ya chumba. Mwaka 1946, Paul Klipsch alianzisha kampuni yake katika mji mdogo wa Hope, Marekani, akiuza pembe kubwa ya kona iliyokunjwa ndani ya kabati. Wako watu mpaka leo wanaoipenda kuliko bafle yoyote.

Kwetu Kongo mfano mkubwa uko Kinshasa. Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa kundi la Konono No. 1, alifunga likembe kwa umeme, akatumia sumaku za vyuma vya magari ya zamani, na sauti akaitoa kwa pembe wanazoziita lansi-vwa, maana yake vitupa sauti. Alitaka likembe lishinde kelele ya barabara za mji. Sauti ile iliyokwaruza ikawa ndiyo muziki wao, na sahani yao ya mwaka 2004 ilisikika duniani kote. Mzee huyo alifariki mwaka 2015. Lakini tuangalie vizuri: alipiga nje, mbele ya watu wanaocheza.

Hapo ndipo swali letu linapokuwa gumu. Pembe zilitoka majumbani kwa sababu umeme ulipatikana. Sisi wa Mpala, ambao wengi wetu umeme wetu ni pano moja na batri moja, je, hatufanani na watu wa zamani? Pembe isirudi nyumbani kwetu? Tupime.

III. FAIDA ZA PEMBE

1. Inaokoa umeme. Nguvu ya sauti inapimwa kwa desibeli. Bafle ndogo ya kawaida, ikipewa wati 1, inatoa kama desibeli 85 mbele yake kwa umbali wa mita 1. Pembe nzuri inatoa kama 105. Tofauti ni 20. Kila desibeli 10 ni mara 10 ya umeme, basi desibeli 20 ni mara 100. Kwa kupata sauti ile ile mbele, mahali ambapo pembe inataka wati 1, bafle inataka wati 100. Sehemu ya ushindi huo inatokana na pembe kukusanya sauti mbele badala ya kuitawanya pande zote.

2. Inasema maneno waziwazi. Utando hauendi mbali, unatikisika kidogo tu, kwa hiyo hauchoki na hauchafui sauti upesi. Tena mitetemo ambayo pembe inaipenda ndiyo inayobeba konsonanti, zile s, t, k, f. Ndiyo sababu mahubiri yanafika mbali na watu wanayafahamu.

3. Inavumilia. Ile pembe ya chuma iliyokunjwa kwa ndani haiogopi mvua wala vumbi kama karatasi ya bafle. Kwa upepo wa ziwa letu hiyo si faida ndogo.

4. Inasaidia mzee asiyesikia vizuri. Uzee kwa kawaida unaondoa kwanza sauti nyembamba, yaani zile konsonanti. Pembe ndogo yenye sauti ya chini, ikiwekwa mbele ya mzee, inaweza kumrudishia habari za radio ambazo bafle inamnyima.

IV. HASARA ZA PEMBE

1. Besi inataka ukubwa. Kanuni ni hii: pembe ikiwa peke yake hewani, mzingo wa kinywa chake uwe karibu sawa na urefu wa wimbi la sauti ya chini kabisa unayoitaka. Urefu wa wimbi ni mwendo wa sauti, mita 340 kwa sekunde, ugawanywe kwa idadi ya mitetemo katika sekunde moja, yaani hertzi. Pembe ya mwenzetu ina kinywa cha sentimita 32. Mzingo wake ni kama mita 1. Basi 340 kugawanya kwa 1 ni hertzi 340. Chini ya hapo pembe inaacha kusaidia.

Sasa, waya mnene wa gita unatetemeka mara 82 kwa sekunde. Wimbi lake lina mita 4 na zaidi, na kinywa chake kingekuwa na upana wa mita 1 na sentimita 32. Haipiti mlangoni! Na waya wa chini wa gita la besi, mitetemo 41, unataka upana wa mita 2 na nusu na zaidi.

Tuchukue mfano wa kwetu Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, leo Likasi, akarekodi gita lake. Uzuri wa gita lile ni kwamba mtu mmoja anapiga kama wawili: kidole gumba kinatembea chini, vingine vinajibu juu. Mkiupitisha muziki kama huo katika pembe ya sentimita 32, vidole vya juu vitalia sana, na gumba litabaki kivuli. Kwaya nayo ni vile vile: soprano wanapita, basi wanakuwa wembamba kama wanaimba ndani ya ndoo. Tunawatambua bado kwa sababu sikio linakisia sauti ya chini kutokana na zile za juu zinazofuatana nayo. Simu pia inatumia ujanja huo, kwa maana inapitisha toka kama hertzi 300 mpaka 3400 tu. Lakini nani anayekaa jioni kusikiliza kwaya katika simu?

Klipsch aliponyaje? Alitumia kona. Sakafu na kuta mbili zinaendeleza pembe, hata kinywa kinaweza kupungua mpaka sehemu moja ya 8 ya eneo lake. Hata hivyo kabati lake lina urefu kama mita 1 na sentimita 30, linataka kona mbili zenye kuta ngumu, na pembe nyingine za sauti za kati na za juu. Nyumba ya vyumba viwili yenye watoto saba itatoa kona hizo wapi?

2. Inatupa sauti upande mmoja. Aliye mbele anachomwa, aliye pembeni anapata mabaki. Nje ni faida, chumbani ni hasara.

3. Ina sauti yake yenyewe. Chuma chembamba kinalia, na umbo baya la koo linaongeza makali. Pembe bora zinapunguza ubaya huu, lakini pembe za kuita watu hazikutengenezwa kwa ajili hiyo.

4. Inaharibika kwa besi. Chini ya mpaka wake, hewa haiukamati tena utando. Utando unakwenda mbali kuliko kawaida na unaweza kupasuka. Mwenye pembe ya ohmi 8 aweke kondensateri ya mikrofaradi 47, isiyo na upande wa plus na minus, kwenye waya mmoja kabla ya pembe. Itazuia sehemu kubwa ya mitetemo iliyo chini ya kama 400. Tena muangalie: pembe nyingine zina transfo ya laini ya volti 100. Ukiifunga kwa ampli ya kawaida bila kujua, sauti inakuwa dhaifu, na utasema imekufa kumbe haijafa.

5. Inaumiza masikio na majirani. Wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani wanasema mtu anaweza kukaa saa 8 katika desibeli 85, na kila zinapoongezeka 3, muda ugawanywe kwa 2. Fanyeni hesabu mpaka 105: dakika kama 5 tu! Na pembe inafika hapo kwa wati 1, ikiwa mita 1 toka sikio. Mtoto mchanga hawezi kusema "punguza". Mvuvi aliyelala naye hajui nani amemwibia usingizi, lakini usiku, mbele ya taa na mawimbi, anaulipa.

V. HESABU INAYOMALIZA UBISHI

Waliotetea pembe walibaki na ngao moja: umeme. Tulidhani ngao hiyo haivunjiki, kwa maana mara 100 si kidogo. Lakini tujiulize: nyumbani tunataka sauti kiasi gani?

Mtu anayeongea kwa kawaida anatoa kama desibeli 60 kwa mita 1. Bafle ya desibeli 85, ikipewa sehemu 1 tu ya 10 ya wati, inatoa 75 kwa mita 1. Umbali ukiongezeka mara 2 inapungua 6, basi kwa mita 2 ni kama 69, na chumba chenyewe kinarudisha kidogo. Hiyo inatosha kabisa kwa watu wanaokula pamoja. Ngoma ikilia ghafula inaweza kutaka mara 100 ya hapo kwa kitambo kidogo, yaani wati 10. Ampli ndogo inayo.

Sasa muone. Nyumbani bafle inakula sehemu 1 ya 10 ya wati. Pembe ingekula mara 100 chini yake. Tumeokoa nini? Hata sehemu 1 ya 10 ya wati haikufika, na ampli yenyewe, ikiwa imewashwa tu bila kuimba, kwa kawaida inakunywa zaidi ya hiyo! Kuokoa kule ni kwa kweli penye watu 300 chini ya miembe. Penye watu 7 kuzunguka sahani ya bugali, ni hesabu ya karatasi tu.

Basi baba wa mwenzetu, ambaye hakutumia hata namba moja, alikuwa amekwisha kulijibu swali. Katika Yoshua 6 makuhani walizipiga pembe wakizunguka mji, hawakuzipiga chumbani.

VI. TUFANYE NINI

Kwa nyumba ya kawaida, tafuteni karatasi nzima ya bafle ya gari la zamani, ya sentimita 16 hata 20. Mtengeneze sanduku la tripleksi au mbao, lisilopitisha hewa, mjaze ndani pamba au nguo kuukuu bila kubana, mfunge karatasi mbele. Sanduku si pambo: bila sanduku, hewa ya nyuma ya karatasi inazunguka kuja mbele na kuifuta besi.

Mwenye chumba kikubwa, kona mbili nzuri na fundi mbao mwenye subira, ajaribu pembe kubwa ya kona. Atasikia jambo zuri. Mwenye mzee asiyesikia, amwekee pembe ndogo kwa sauti ya chini. Na pembe za kuita watu zibaki kwa kazi yake: ibada ya nje, mkutano wa wazazi, tangazo la chanjo, mtumbwi uliochelewa kurudi.

Mwenzetu amelipa minervale. Pembe yake anaiazimisha kwa mikutano ya nje, na nyumbani ametengeneza sanduku. Tunaambiwa baba yake analala, na jioni kabla ya kwenda ziwani anaomba wimbo mmoja.

MASWALI YA KUJARIBU

1. Pembe ina kinywa cha sentimita 54. Inasaidia mpaka hertzi ngapi hivi?
2. Pembe ya desibeli 105 inapewa wati 1. Msikilizaji yuko nje, mita 32 mbele yake. Anapata desibeli ngapi?
3. Kwa desibeli 97, mtu akae muda gani?
4. Mtembee nyumbani kwenu: nani analala mchana, na kwa sababu gani? Swali hili halina namba, lakini mjibu la kwanza.

Majibu mpeleke kwa mwalimu wa fizika. Tuonane katika somo lijalo.